Baridi sio hewa: AC, bati la moto na moshi wa ndani

Neema: Haya jamani karibuni tena, mimi Neema, na hapa pembeni nipo na Mudi, fundi AC mstaafu.

Mudi: Mstaafu wapi dada, nimeacha kupanda ngazi tu.

Neema: Sawa bwana. Sasa Dar saa hizi kaskazi imekolea, usiku hakulaliki, na voisi mlizotuma karibu zote ni joto joto joto. Nimechagua moja, kuna dada anasema AC yake kila baada ya miezi kadhaa anamwita fundi aje kuongeza gesi, analipa, inapiga baridi wiki chache alafu inalegea tena. Anauliza hiyo gesi mbona inaisha haraka hivyo, au kwa sababu analala nayo imewashwa usiku kucha?

Mudi: Dada nisikilize vizuri. Gesi ya AC haiishi.

Neema: Haiishi kivipi?

Mudi: Sio mafuta ya gari yale kwamba yanachomwa. Ile gesi inazunguka tu kwenye mabomba ya kopa, inabeba joto la chumbani inakwenda kulitema nje kwenye ile mashine yenye feni, inarudi, inabeba tena, na kiasi kilichowekwa kiwandani kinatakiwa kikae hapo mpaka AC inazeeka. Kwahiyo ukiona imepungua maana yake moja tu, inavuja. Mara nyingi pale kwenye nati za kuungia mabomba, fundi alifunga vibaya siku ya kwanza, au kwa wanaokaa karibu na bahari huko Kigamboni, Mbezi Beach, hewa ya chumvi imekula koili ya nje. Sasa fundi anayekuja anajaza anaondoka bila kutafuta inapovujia, huyo kajitafutia mshahara kwako.

Neema: Weee! Kwahiyo dada aulize nini?

Mudi: Aulize "inavujia wapi". Basi. Fundi apake povu la sabuni kwenye maungio aone mapovu, isipoonekana apige presha ya naitrojeni, aache muda, aangalie geji kama inashuka. Akikwambia hana haja ya hayo yote, mpe hela ya nauli aende. Alafu na wewe unayenunua mtumba, soma kibandiko ujue ni gesi gani, kama ni R22 hiyo inaharibu tabaka la ozoni, mkataba wa Montreal wa 1987 umeiweka kwenye zile za kuondolewa na nchi kama zetu mwisho wake ni 2030, kwahiyo huko mbele kuipata itakuwa ngumu na bei juu. Mpya nyingi ni R32, nzuri tu, ila inaweza kushika moto, fundi asichomelee kopa gesi ikiwa bado ndani.

Neema: Haya tuje kwenye LUKU sasa, maana hapo ndo watu wanalia.

Mudi: Tupige hesabu. AC ya BTU 12,000, BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza, ile ya kawaida ya chumba kimoja, ikiwa inavuta inakula kilowati moja na kitu kidogo. Usiku wa masaa nane, ukitoa muda kompresa, ile pampu ya gesi, inapopumzika, weka uniti saba. Uniti moja kwa tarifu ya kawaida pamoja na kodi ni kama shilingi 356, kwahiyo usiku mmoja ni karibu 2,500. Mwezi ni kama elfu 75. Feni sasa, wati 60, masaa yaleyale nane, nusu uniti haifiki. Shilingi 170 hivi.

Neema: Mia na sabini?! Na wale wa uniti 75 kwa mwezi?

Mudi: Wale wa bei ya chini? AC peke yake inawamalizia hizo uniti 75 ndani ya wiki moja na nusu, na zinazozidi bei yake ni nyingine kabisa. Ndo maana mtu ananunua AC ya mkopo alafu inakuwa pambo la ukutani.

Neema: Mimi nina swali la kizushi. Watu wanaweka 16 kwenye rimoti ili chumba kipoe haraka. Inapoa haraka kweli?

Mudi: Hapana, hizi zisizo za inveta, yaani kompresa yake haiwezi kupunguza mwendo, zinavuta kwa nguvu ileile, uweke 16 uweke 25. Tofauti ni kwamba ya 25 ikifika inapumzika, ya 16 kwa joto la Dar haifiki kamwe, inavuta mpaka asubuhi. Weka 25 na feni juu, mwili utasikia baridi ya kutosha. Alafu kuna hili la kununua AC kubwa kwenye chumba kidogo, mtu anaona sifa, BTU 18,000 kwenye chumba cha kulala cha futi kumi kwa kumi. Inapoza dakika chache inazima, haijapata muda wa kukausha unyevu, na joto letu hili nusu yake ni unyevu. Unaishia chumba cha baridi lakini shuka kama zimenyeshewa, na nyuma ya kabati ukungu mweusi.

Neema: Aisee. Sasa hapo umegusa kitu nilitaka tukifikie leo, kwa sababu watu tunachanganya baridi na hewa. Mtu anafunga madirisha yote, anaziba na chini ya mlango na kanga, anawasha AC, anajua anavuta hewa safi ya nje.

Mudi: Hizi spliti za ukutani haziingizi hewa yoyote kutoka nje! Bomba linalopita ukutani ni la gesi na la maji. Hewa ni ileile ya humo ndani inazungushwa, mnalala wanne na watoto, mnapumua, asubuhi kichwa kizito unasema malaria. Filta yenyewe inashika vumbi la kuonekana, tena kama unaiosha. Fungua dirisha asubuhi na jioni hata robo saa, na kama kuna dirisha dogo la juu liache wazi kidogo. Umeme kidogo utapotea, sawa tu.

Neema: Mimi naona shida inaanzia kwenye ujenzi. Juzi nilikuwa napita Goba huko, kila nyumba mpya ni hizi za hideni rufu, paa limefichwa nyuma ya ukuta, nyumba nzuri kwa picha kabisa, ila hakuna bati lililotokeza nje, kwahiyo dirisha halina kivuli, jua linaingia mpaka kitandani.

Mudi: Na bati wamepaka rangi gani? Kijivu cha mkaa au nyeusi.

Neema: Kijivu cha mkaa, haswa!

Mudi: Basi hapo umenunua joto kabla hujanunua kiti. Bati jeusi mchana linawaka, linachemsha hewa iliyo kati yake na dari ya jipsam, na ile hewa haina pa kutokea kwa sababu fundi kaziba kila mahali, kwahiyo joto linashuka chumbani. Jioni bati lenyewe linapoa haraka, ila ukuta wa tofali za saruji uliopigwa na jua la magharibi mchana kutwa ndo unaanza kurudisha joto ndani, saa tatu usiku ugusie uone. Dawa iko kwenye ujenzi: bati jeupe au la rangi ya mwanga, karatasi ya foili chini ya bati na nafasi ya hewa, matundu kwenye fisha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, yenye wavu popo wasiingie, bati litokeze hata mita moja. Na madirisha makubwa yaangalie kaskazini na kusini, upande wa magharibi weka choo, stoo, huko huko.

Neema: Wazee wa Mji Mkongwe walijua hili bila AC, kuta nene za mawe na chokaa, dari juu, vichochoro vyembamba vya kivuli.

Mudi: Walijua upepo unatoka wapi. Kaskazi na kusi zile sio za majahazi tu.

Neema: Sasa dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya mzunguko. Chumba kimefungwa, koili inawaka chini ya kitanda usiku kucha.

Mudi: Hiyo noma. Kuna utafiti ulitoka 2003, ulipima ukakuta koili moja inatoa chembechembe laini za moshi sawa na sigara 75 mpaka 137.

Neema: Na mtoto yumo humo.

Mudi: Chandarua, jamani, chandarua.

Neema: Na ndugu zetu wa Njombe, Makete, Lushoto, na huko Limuru Kenya, wao mwezi wa saba shida yao ni baridi. Mtu anaingiza jiko la mkaa ndani alale nalo, anasema mkaa umeshashika wote, hautoi moshi, hauna shida.

Mudi: Huo ambao hautoi moshi ndo unaoua. Mkaa uliokolea unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, inashika damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni inavyoshika, mtu analegea usingizini hata hajui. Na kuufunika majivu hakusaidii kitu. Kama lazima upashe nyumba, pasha jioni mlango wazi, alafu jiko litoke nje kabla hamjalala, mlale na blanketi mbili na maji ya moto kwenye chupa.

Neema: Na jikoni je, maana serikali ina huo mkakati wa nishati safi, asilimia 80 ya watu ifikapo 2034.

Mudi: Mimi nasema anza na maharage. Presha kuka ya umeme inaivisha maharage haifiki uniti moja, mkaa wa maharage hayohayo ni bei gani sasa hivi, na macho yako je.

Neema: Haya, mwisho, mpangaji. Chumba na sebule Tabata, mwenye nyumba hataki kusikia habari ya kubadili bati. Afanye nini?

Mudi: Pazia zito jeupe dirisha la magharibi, na kama anaruhusiwa aning'inize turubai au makuti kwa nje, kwa nje ndo bora, maana jua likishapita kioo limeshaingia. Hizi aluminiamu za kuteleza zinafunguka nusu tu, kwahiyo usiku fungua za pande mbili upepo upite. Feni moja iangalie nje kwenye dirisha itoe hewa ya moto. Na nyavu za mbu, hizi watu hawaziangalii kabisa, zikijaa vumbi upepo haupiti, zivue uzioshe na brashi na sabuni.

Neema: Zangu hazijaoshwa tangu nihamie.

Mudi: Basi unalalamika joto la nini.