Namba Tatu wa Queen's Park: Miaka ya Mwanzo ya Andrew Robertson

Waheshimiwa walimu wa michezo, makocha wa timu za vijana, wazazi na wanafunzi, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Nimechagua kuzungumzia miaka ya mwanzo ya Andrew Robertson, beki wa kushoto wa Scotland, kwa sababu habari zake husimuliwa mara nyingi kama habari za kijana mvumilivu aliyekataa kukata tamaa. Kwamba alivumilia, sipingi. Lakini wavumilivu ni wengi, na walio wengi kati yao hawakufika alikofika yeye. Ninachotaka tukitazame ni mechi alizocheza, mahali alipozicheza na watu aliocheza nao, kwa maana naamini humo ndimo yalimo maelezo ya kupanda kwake.

Robertson alizaliwa Glasgow tarehe 11 Machi 1994, akalelewa katika timu za vijana za Celtic, klabu kubwa ya jiji hilo, na alipokuwa na umri wa miaka 15 akaachwa kwa kuonekana mdogo wa umbo. Nasema kwa uchungu kwamba kosa hili linaendelea hadi leo katika akademi nyingi: kijana ambaye mwili wake haujamaliza kukua anahukumiwa kwa urefu na uzito, huku macho yake, miguu yake na akili yake ya mchezo vikiwekwa pembeni.

Alikwenda Queen's Park, na hapa naomba tukae kidogo. Klabu hii iliyoanzishwa mwaka 1867 ndiyo kongwe kuliko zote Scotland, na wakati ule ilikuwa bado ya ridhaa, maana yake mchezaji hakulipwa mshahara hata kama alianza kila Jumamosi. Uwanja wake ulikuwa Hampden Park, uwanja uleule wa timu ya taifa, wenye viti zaidi ya 50,000, ingawa mechi nyingi za klabu zilitazamwa na watu mamia tu. Robertson aliingia kikosi cha kwanza Julai 2012 akiwa na miaka 18, na ili apate fedha za matumizi alifanya kazi palepale Hampden, akipokea simu na kushughulikia tiketi za watu waliokuja kuwatazama wengine. Tarehe 18 Agosti mwaka huo aliandika Twitter kwamba maisha ya umri ule bila pesa ni mabaya, na kwamba anahitaji kazi. Ujumbe huo umesambazwa sana baadaye, lakini wanaousambaza husahau kwamba wakati anauandika tayari alikuwa na kitu ambacho vijana wengi wa akademi kubwa hawakuwa nacho: namba katika timu ya watu wazima.

Queen's Park ilikuwa Daraja la Tatu, ambalo wakati huo lilikuwa ngazi ya nne na ya mwisho ya ligi ya Scotland. Huko beki wa kushoto anakutana na mawinga wenye umri wa miaka 30 wanaojua kutumia viwiko, anacheza kwenye matope, na akipoteza mpira timu inapoteza pointi. Katika ligi alicheza mechi 34 msimu huo, na timu ikamaliza ya tatu.

Msimu huo pia ulikuwa na jambo ambalo halikupangwa na mtu yeyote. Rangers, klabu nyingine kubwa ya Glasgow, baada ya kampuni iliyoiendesha kufilisika mwaka 2012, ililazimika kuanza upya katika Daraja la Tatu, na kamera na magazeti vikaifuata hadi huko chini. Queen's Park ilipoikaribisha Rangers tarehe 29 Desemba 2012, watu zaidi ya 30,000 waliingia Hampden. Hiyo ni bahati, na tuiite bahati. Lakini bahati hiyo ilimkuta kijana ambaye tayari alikuwa anacheza kila wiki, wala si aliyekuwa anasubiri benchi.

Majira ya joto ya mwaka 2013 Dundee United, klabu ya ligi kuu ya Scotland, ilimsajili, na kocha Jackie McNamara hakumpeleka timu ya akiba akomae kwanza. Alimpa namba tatu, yaani nafasi ya beki wa kushoto, tangu mwanzo wa msimu. Mechi 36 za ligi na mabao 3 baadaye, wachezaji wenzake walimchagua mchezaji bora kijana wa Scotland. Machi 2014 alikwisha kuichezea timu ya taifa kwa mara ya kwanza, akitokea benchi katika ushindi wa 1-0 dhidi ya Poland mjini Warsaw. Miezi 12 kabla ya hapo alikuwa bado mchezaji wa ridhaa.

Nataka kumtaja hapa mwenzake wa Dundee United, Ryan Gauld, kiungo aliyesifiwa kuliko Robertson wakati ule. Kiangazi cha 2014 wote wawili waliondoka: Gauld alikwenda Sporting ya Lisbon, Robertson akaenda Hull City ya England kwa pauni 2,850,000. Sporting ilikuwa klabu kubwa zaidi kwa kila kipimo, lakini Gauld alipata mechi chache za ligi katika kikosi cha kwanza, akatolewa kwa mkopo huku na huko, na timu ya taifa aliichezea kwa mara ya kwanza mwaka 2024. Sisemi kwamba alikosea, wala kipaji chake sikitilii shaka. Nasema Robertson, akiwa Hull, alicheza mechi 99 za ligi katika misimu mitatu, akashuka daraja, akapanda kwa mchujo pale Wembley mwaka 2016, kisha akashuka tena. Beki anayeshambuliwa kila wiki na timu bora kuliko yake hujifunza mambo ambayo mazoezi peke yake hayafundishi.

Liverpool ilipomchukua Julai 2017 kwa pauni milioni 8 za kuanzia, alikaa benchi nyuma ya Alberto Moreno hadi Desemba, Moreno alipoumia. Tarehe 14 Januari 2018, dhidi ya Manchester City, alimfukuzia mpinzani mmoja, akahamia kwa mwingine, akafika hadi kwa kipa Ederson, kisha akamfuata beki Otamendi mpaka akamchezea rafu, na uwanja mzima ukasimama kumpigia makofi.

Queen's Park haikupata ada ya uhamisho alipoondoka, kwa kuwa mchezaji wa ridhaa hafungwi na mkataba. Novemba 2019 wanachama wa klabu walipiga kura kuachana na soka la ridhaa baada ya zaidi ya miaka 150, na mojawapo ya hoja zilizowashawishi ilikuwa kwamba vijana waliowalea wao, Robertson akiwamo, waliondoka bila klabu kufaidika.