Mbunge Akirudi Jimboni: Tumuulize Nini?

*Mhadhara kwa wafanyabiashara na vijana, Busia, Uganda*

Asalaam aleikum, na Bwana asifiwe. Mwenyekiti, wazee wangu, akina mama wa sokoni, na nyinyi vijana wa boda boda mlioacha steji ili mnisikilize, asanteni sana. Najua kila dakika hapa ni abiria aliyechukuliwa na mwenzako.

Nimeombwa nizungumzie mapumziko ya Bunge. Vikao vikiahirishwa, mbunge hutarajiwa arudi kwa watu wake, na sisi tunajua tutakutana naye wapi: msibani.

Utaratibu wenyewe mnaujua. Turubai limefungwa, mshereheshaji ameshika kipaza sauti, daftari la mabugo, yaani michango ya rambirambi, liko wazi mezani. Fulani elfu tano. Fulani elfu kumi. Gari la mheshimiwa likisimama tu, hata mhubiri hukatizwa. Bahasha hufunguliwa mbele ya watu, kiasi kikatangazwa, na hapo ndipo tunapopima amempenda marehemu kiasi gani. Ikiwa ni laki moja, minong'ono inaanza: huyu Kampala imemmeza.

Kumsaidia mfiwa si kosa. Lakini pigeni hesabu kidogo, nyinyi ni watu wa biashara. Misiba ya jimbo zima, harambee za makanisa na misikiti, karo, harusi: mshahara gani utatosha? Atakopa. Na mbunge mwenye madeni huingia bungeni akiwa na bosi mwingine, asiyeishi Busia.

Wengine bado wanafikiri ana fungu la jimbo. Lilikuwepo. Katikati ya miaka ya 2000 kila mbunge alipewa shilingi milioni 10 kwa mwaka za maendeleo ya jimbo, kisha utaratibu ule ukafutwa. Greda nalo si lake. Barabara za wilaya ziko chini ya serikali ya wilaya, kwa hiyo shimo la kwenda kwenu anzeni nalo kwa diwani.

Sasa kazi yake ni ipi? Kutunga sheria, kupitisha bajeti, kuibana serikali ieleze fedha zilikwenda wapi. Hapo kwenye bajeti ndipo nataka tukae.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015 imepanga tarehe. Waraka wa mwelekeo wa bajeti hufika bungeni kabla ya Desemba 31, na Bunge huupitisha kufikia Februari 1. Makadirio yenyewe huletwa kufikia Aprili 1, yakapitishwa kufikia Mei 31, na mwaka wa fedha ukaanza Julai 1. Hotuba ya Juni tunayoisikiliza redioni kwa hamu hutukuta mambo yameshaamuliwa.

Tazameni basi tunavyojipunja. Desemba mheshimiwa yuko nyumbani, na waraka ule ndio huo unaingia mezani. Sisi tunamwomba sukari ya Krismasi! Anagawa, anapigiwa vigelegele, anaondoka bila swali hata moja mfukoni. Nami nawaambia, hilo linamfaa kuliko linavyotufaa sisi.

Chukueni dawa. Vituo vya serikali hupelekewa dawa na bohari ya taifa kila baada ya miezi miwili. Mkimwambia tu kwamba dawa hakuna, atajibu atalifuatilia, na mazungumzo yameisha. Lakini kamati ya kituo ikikaa na mganga mkuu, kadi za stoo zikatolewa, ikaandikwa dawa ya malaria ilifika tarehe gani na ikaisha tarehe gani, hiyo ni karatasi anayoweza kuiweka mbele ya waziri. Ikionekana inaisha wiki ya tatu kila mara, ama mgao ni mdogo ama kuna mkono unaoichota. Yote mawili yanamhusu.

Vivyo hivyo Mpango wa Maendeleo ya Parishi (parishi ya serikali yenye vijiji kadhaa, si ya kanisa): milioni 100 kwa kila parishi kwa mwaka, mkopo hadi milioni moja kwa kaya. Ombeni orodha ya waliopata isomwe mbele yake. Msiishie kulalamika kibandani.

Mzee mmoja ameniuliza hapo nje: akikataa kuja je, tumwondoe? Mzee wangu, Ibara ya 84 ya Katiba iliweka njia ya kumrudisha mbunge nyumbani, kwa saini za thuluthi mbili ya wapiga kura waliosajiliwa. Marekebisho ya 2005 yakasema haki hiyo ipo tu wakati wa mfumo wa Movement, yaani siasa zisizo na vyama. Leo tuko kwenye vyama vingi, kwa hiyo imelala. Tuna kura baada ya miaka mitano, na katikati tuna ziara hizi, pamoja na haki ya raia kupeleka malalamiko ya maandishi bungeni.

Kwa hiyo, kabla hajafika, mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, aitishe kikao. Chagueni maswali mawili, si ishirini. Katibu ayaandike nakala mbili, mheshimiwa atie saini kwenye moja, ibaki kwa katibu. Likizo inayofuata, kikao kianze kwa kusoma nakala hiyo, kabla ya chakula na kabla ya bahasha.