Shotgani ya Pampu Inapokuwa Ngumu Kukoki

Ndugu walinzi na wamiliki wa silaha, leo tutashughulikia tatizo moja tu: shotgani ya pampu, yaani ile inayokokiwa kwa kuvuta na kusukuma mkono wa mbele, inayogoma kukokiwa. Mfano wangu ni Remington 870, iliyoingia sokoni mwaka 1950.

Mtutu uelekee mahali salama, kidole kikae mbali na triga, na risasi zote zitolewe. Iwapo risasi nzima imekwama kwenye chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi, tafadhali msipigize kitako sakafuni ili kuilegeza, kwa sababu mshtuko huo unaweza kuifyatua, mpelekeeni fundi.

Kisha jiulizeni inagoma wakati gani, kwa kuwa jibu la swali hilo ni nusu ya matengenezo. Bunduki iliyokokiwa na haijafyatuliwa hujifunga kwa makusudi, nayo hufunguka ukibonyeza kitufe kilicho mbele ya kinga ya triga. Nimewaona watu wazima waking'ang'ana na silaha isiyo na ubovu wowote.

Ikiwa nzito hata ikiwa tupu, kagueni bomba la magazini, ambalo mkono wa kukokia huteleza juu yake: likibonyea kidogo tu, mkono utakwama palepale kila mara. Angalieni pia kama vyuma viwili vinavyosukuma bolti (kipande kinachofunga chemba kwa nyuma) vimepinda, halafu safisheni mafuta ya zamani yaliyogandamana na vumbi, na mpake mengine kiasi cha utando tu.

Ikiwa tupu ni laini, lakini baada ya kufyatua inagoma, basi shida iko kwenye chemba au kwenye risasi. Shinikizo la baruti hutanua ganda. Kitako cha ganda kikiwa cha shaba ya manjano hurudi upesi katika ukubwa wake, ilhali kile cha chuma cha risasi za bei nafuu hubaki kimeng'ang'ania kuta, hasa chemba ikiwa na mikwaruzo, kutu au mabaki ya plastiki. Sugueni chemba kwa brashi ya shaba, kisha mjaribu risasi za aina nyingine kabla ya kulaumu bunduki.

Someni pia maandishi ya mtutuni, yanayotaja urefu wa chemba. Risasi yenye ganda la urefu wa milimita 76 likifunguka huweza kuingia kwenye chemba ya milimita 70, kwa kuwa mdomo wake umekunjwa, lakini ikifyatuliwa mdomo hufunguka mahali palipo pembamba, shinikizo hupanda, na ganda hukwama. Hilo haliondoki kwa brashi. Risasi hizo ziwekwe kando kabisa na bunduki hiyo.