Waachieni watoto watunge mchezo wenyewe

Jamani walimu wenzangu, hili nalisema kila nikipewa maiki na leo nalirudia. Mchezo uliokesha unautunga wewe ukaja nao darasani, utamu wote umeshaumaliza wewe, mtoto umemwachia kurusha dadu tu.

Niwape ya darasa langu la sita, somo la hesabu, mada ya sehemu. Kikundi kimoja wamechora duara sakafuni kwa chaki, wana vizibo vya soda, kila kizibo kimebandikwa sehemu. Sheria yao ni mstari mmoja: kila mtu anachomoa kizibo, mwenye sehemu kubwa anakula vyote viwili. Raundi ya kwanza tu huyu katoa 3/8, yule 1/3, ugomvi! Mmoja anasema 3/8 ndo kubwa kwa sababu namba zake zote kubwa, yani kapatia kwa sababu ya uongo, na mimi kwenye daftari ningempa vema nikapita zangu. Mwenzake anabisha, kitu ukikigawa nane vipande vinakuwa vidogo. Nikafunga mdomo, na hapo ndo walimu wengi tunashindwa.

Binti mmoja akachana karatasi mbili za daftari, moja akaikunja mara tatu ikatoka nane, ya pili akahangaika nayo mpaka ikatoka tatu, akazilaza sambamba. 3/8 imezidi upana wa kucha. Wenzake wakagoma, umekunja vibaya wewe! Ndo wakaenda wenyewe kutafuta asili moja, yani namba ya chini ifanane, wakapata 24, ikawa 9/24 na 8/24, kwa KDS (kigawe kidogo cha shirika) ileile niliyoiimba ubaoni vipindi vinne. Alafu wakanogewa, wakatupa vizibo rahisi wakaweka 2/3 na 5/8 ili mkondo B wakwame. Sasa huwezi kumtega mwenzako kama hujui atakosea wapi na kwanini, na hiyo ndo hesabu yenyewe ninayoitaka mimi.

Marekani mtafiti Yasmin Kafai alishafanya hivi na watoto wa darasa la nne, wakatengeneza gemu za kompyuta za kufundisha sehemu watoto wa darasa la chini yao, utafiti ukatoka 1995. Sisi tunasubiri nini?

Najua mtaniambia silabasi haiishi, watoto 80, kipindi dakika 40. Na mimi nafundisha hukohuko! 80 ni vikundi 16 vya watano watano, vizibo vimejaa dukani kwa Mangi. Na vile vipindi vinne vya KDS silabasi ilisogea kweli, ila watoto niliwaacha palepale.

Upande wa maksi, msiwape kwa uzuri wa mchoro, tafadhali. Sheria waiandike, mkondo mwingine ucheze bila kuelezwa chochote, pakikwama wairekebishe, na Kiswahili humohumo wanajifunza. Ya madarasa ya chini nilikuwa nayo ila naonyeshwa saa, tuyaache.

Vizibo viko kwenye ndoo pale mlangoni. Kaeni watano watano, na mtu asije kuniuliza sheria ni ipi.