Kalenda ya Mwaka na Taarifa ya Jioni: Mazungumzo na Watangazaji wa Redio za Jamii

Shikamooni wazee wetu mliotutangulia kwenye kipaza sauti, na nyinyi wenzangu habari za asubuhi. Nimeombwa nizungumzie hali ya hewa redioni, na hasa ile kalenda ya mwaka tunayopenda kuwagawia wasikilizaji huku pwani: Machi hadi Mei masika, Juni hadi Agosti kipupwe, Oktoba hadi Desemba vuli, na nembo ya redio juu kabisa. Sina ugomvi nayo. Ila ukishaichapisha, umejitwika kazi ya kuisahihisha hewani kila wiki, maana msikilizaji ataishika kama ahadi yako.

Kalenda ya namna hii si ngeni kwetu. Wazee wa Unguja na mwambao walihesabu mwaka wao kuanzia Nairuzi, siku ambayo Makunduchi huiadhimisha kwa Mwaka Kogwa mwezi wa Julai. Kutoka hapo walihesabu siku kumi kumi, kila kumi ikaitwa mwongo. Miongo 36 ni siku 360, zikabaki tano za kufungia mwaka. Mkulima alijua mwongo wa kufyeka na mwongo wa kutia mbegu. Nahodha naye alikuwa na hesabu yake ya safari. Ni mwaka wa jua, ndiyo maana ulifaa shambani, tofauti na ule wa Ramadhani unaozunguka majira yote. Lakini hauna siku ya nyongeza ya mwaka mrefu. Kila miaka minne unarudi nyuma siku moja. Katika miaka 100, siku 25 hivi. Kitukuu akiung'ang'ania mwongo wa babu wa babu yake bila kutazama mawingu, atapanda karibu mwezi mzima kabla ya wakati.

Kalenda yetu ya kuchapa ina kasoro nyingine. Inabeba wastani, na wastani ni hesabu ya miaka 30. Kipimo kinachotumika sasa ni cha 1991 hadi 2020. Ndani ya hesabu hiyo imo vuli ya 1997, ile ya El Niño iliyobeba madaraja, na zimo vuli zilizonyesha kidogo hata mahindi yakakauka yakiwa magotini. Ukizichanganya zote unapata vuli ambayo pengine haijawahi kumnyeshea mtu. Tena kalenda inachapwa Desemba, wakati mwelekeo wa masika, yaani utabiri wa msimu mzima, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, huutoa mwanzoni mwa mwaka, na wa vuli karibu na Agosti. Mpiga chapa amekwisha lipwa zamani! Kwa hiyo swali la mkulima, nipande mahindi ya muda mrefu au ya muda mfupi, haliwezi kujibiwa ukutani. Linajibiwa na redio, siku mwelekeo ulipotoka, na tena wiki zinazofuata.

Kuna na yale yasiyo na kisanduku kabisa kwenye kalenda. Mwanzoni mwa Mei kalenda yoyote ya pwani itaandika masika. Mwaka 2024, tarehe 4 Mei, Kimbunga Hidaya kikaingia Mafia. Vimbunga ni nadra kwetu kwa sababu tuko karibu na ikweta, ambako ule msukumo wa mzunguko wa dunia unaokifanya kimbunga kizunguke ni hafifu. Lakini nadra si kamwe. Lindi walipigwa mwaka 1952.

Sasa tuje kwenye taarifa ya jioni, ambako ndiko tunakoharibu. TMA wanaleta: angalizo la upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa, na mawimbi yanayofikia mita 2. Mtangazaji anaikimbiza baina ya matangazo ya vifo na matokeo ya mpira. Mvuvi wa ngalawa amesikia namba mbili, hakusikia anachokihitaji. Ni usiku huu au kesho? Upepo unatoka wapi? Ni bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, au maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo? Maana upepo ukikutana uso kwa uso na mkondo wa bamvua, mawimbi yanasimama wima, na mita 2 hizo si zile za siku ya maji mafu. Basi weka saa za maji kujaa na kupwa papo hapo, soma polepole, rudia. Na soma kabla ya saa kumi na moja jioni. Ukisubiri saa mbili usiku, wa dagaa wameshatoka. Unawaambia wake zao.

Halafu ile simu mnayoijua wote: "Mtangazaji, mmesema mvua, mbona huku jua linawaka?" Taarifa ilisema mvua katika maeneo machache. Mtangazaji akaifupisha ikawa "leo mvua". Maneno mawili yaliyokatwa ndiyo yaliyobeba taarifa nzima. Vivyo hivyo angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa ni ngazi tatu tofauti, kila moja na rangi yake. Usipandishe ngazi ili kipindi kichangamke. Tahadhari ni dhamana ya TMA kisheria. Kazi yetu ni kuifikisha ikiwa nzima.

Kwa mnaochapa kalenda ya mwakani, ombi langu ni dogo: chini ya kila mwezi acheni mstari mtupu. Shule yenye kipimo cha mvua iwapigie kila Jumatatu iwape milimita za wiki, mzitaje hewani, watu waandike. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba, hata mtoto wa darasa la tano atamweleza bibi yake.

Nikomee hapo. Mwenzetu wa Pemba amenyoosha mkono tangu nilipotaja miongo, na naona hakubaliani nami. Karibu, kaka, tukusikie.