Njiapanda ya Natchez

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Leo nitawapeleka mahali pamoja tu: mji mdogo wa Natchez, jimbo la Mississippi, Kusini mwa Marekani, uliokaa juu ya genge la mto Mississippi.

Mgeni akifika huko, huonyeshwa kwanza majumba ya nguzo nyeupe. Tangu 1932 yamekuwa yakifunguliwa kwa watalii kila majira ya kuchipua. Ni mazuri, sikatai. Lakini pamba iliyoyajenga ililimwa na nani? Kwa miaka mingi mji haukupenda kulijibu swali hilo.

Jibu liko mashariki kidogo ya katikati ya mji, barabara zinapogawanyika. Panaitwa Forks of the Road, yaani njiapanda. Mwaka 1833, kwa hofu ya kipindupindu, wakuu wa mji waliwatoa madalali wa watumwa nje ya mipaka. Wakahamia hapo, ng'ambo tu ya mpaka, na soko likakua. Katika majimbo yale ya pamba lilizidiwa na New Orleans peke yake. Watu waliletwa kutoka mbali kama Virginia, wengine kwa miguu, wamefungwa minyororo, wengine kwa merikebu hadi New Orleans, kisha kwa meli za moshi kupandisha mto. Mnada haukuwapo. Walipangwa mstari, wamevishwa nguo safi, mnunuzi akapita akiwahoji na kuwakagua, halafu akapatana bei na dalali. Tukisikia soko la watumwa tunawaza makelele. Mimi utulivu ule ndio unaoniumiza zaidi.

Mwaka 1863, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, jeshi la Muungano, yaani la majimbo ya Kaskazini, liliingia Natchez. Askari Weusi wa jeshi hilo wakaamriwa kubomoa mabanda ya soko lile walimowekwa watumwa, na mbao zake zikajengea kambi ya jeshi. Hebu fikirini: msumari unang'olewa na mkono wa mtu ambaye pengine aliuzwa papo hapo!

Ndiyo maana hakuna banda lililobaki. Majumba ya mabwana yamesimama, kila mpita njia anayaona. Soko likabaki uwanja wa majani. Pasipo kibao, ungepita usijue. Kuna wakazi Weusi waliodai kwa miaka mingi pakumbukwe. Leo pana vibao vya maelezo, na minyororo iliyozamishwa kwenye zege, na mwaka 2021 eneo likaingizwa katika hifadhi ya kihistoria ya taifa.

Mkijaliwa kufika, msiitazame ile minyororo kutoka dirishani mwa gari. Shukeni, muiname.