Kipande cha Ugali Kwenye Uzi wa DNA

Haya jameni, asanteni kwa kuja, najua wengine mmetoka mpaka Ahero na jua ni kali. Leo ni asetilesheni ya protini, yaani kubandika asetili kwa protini, na msiogope hilo jina, asetili ni kitu kadogo tu, kaboni 2, haidrojeni 3, oksijeni 1, basi.

Ukipita soko la Kibuye uangalie fundi wa nguo, uzi wake umezungushwa kwa bobini, si ndiyo? DNA ya seli yako moja ukiinyoosha ni karibu mita 2, na inakaa ndani ya kiini ambacho huwezi ona kwa macho, so imezungushwa kwa protini zinaitwa histoni, kila bobini histoni 8. Histoni ziko na mikia, mikia ina laisini, moja ya vipande vinavyojenga protini, zenye chaji chanya na DNA ni chaji hasi, kwa hivyo zinang'ang'aniana, na jini (gene, kipande cha DNA chenye maagizo ya seli) iliyobanwa hivyo haisomeki. Sasa enzaimu, protini inayofanya kazi kama fundi ndani ya seli, ikibandika asetili kwa laisini ile chaji inaisha, uzi unalegea, jini inasomwa. Enzaimu zingine kazi yao ni kubandua. Mwanasayansi Vincent Allfrey na wenzake waliliona hili 1964 huko New York, lakini ni mpaka 1996 ndio timu ya David Allis, wakitumia kiumbe cha seli moja kinachoishi majini, wakaonyesha moja ya zile enzaimu za kubandika inafanana na protini iliyokuwa inajulikana tayari kwa kuwasha jini. Miaka 32!

Mimi kinachonigusa ni asetili yenyewe inatoka wapi. Ni ugali wako wa jana! Ugali unavunjwa unakuwa glukosi, glukosi inakuwa asetili-CoA, yaani asetili iliyobebwa na molekuli ingine, na hiyo hiyo seli inachoma ipate nguvu ndiyo inachukua kubandika histoni, yaani habari ya sufuria inafika mpaka kwa jini.

Na si histoni peke yake, protini nyingi sana zinabandikwa.

Kuna mama ameniuliza hapo mlangoni juu ya aspirini. Mama, aspirini nayo inabandika asetili, kwa enzaimu ya chembe sahani, zile zinagandisha damu, na haibanduki. Chembe sahani hazina kiini, haziwezi tengeneza enzaimu ingine, so zinabaki hivyo mpaka zife, siku 7 hadi 10 hivi. Ndio maana kabla ya upasuaji unaweza ambiwa uiache wiki nzima mapema, lakini usiiache mwenyewe, muulize daktari kwanza.